Nyota Iliyovuliwa Begani: Kisa cha Sahabzada Yaqub Khan



Kijana akileta posa nyumbani, wazee wetu huanza kazi ya kuulizia. Anasali? Ana kazi gani? Kwao ni nani? Anakwenda na marafiki gani? Masuali mazuri yote hayo, na alhamdulillah mengi yanapata jibu kwa majirani tu. Lakini lipo suali moja ambalo majirani hawawezi kulijibu, kwa sababu jibu lake halionekani mpaka siku yake ifike. Suali lenyewe ni hili: mtu huyu akiamrishwa na mkubwa wake afanye jambo ambalo moyo wake unajua ni dhulma, atafanya?

Leo nataka tumzungumze mtu ambaye siku hiyo ilimfikia. Alikuwa afisa wa jeshi la wapanda farasi, akawa jenerali, kisha balozi na Waziri wa Mambo ya Nje wa Pakistan. Ni Muislamu mwenzetu, na alifariki 2016 tu, wengi wetu tukiwa watu wazima, lakini huku kwetu jina lake halitajwi sana. Chukua chai yako, ukae vizuri, maana kisa hiki kina vita, kina familia iliyogawika, na kina simu moja ya usiku iliyobadilisha kila kitu.

Mtoto wa nyumba kubwa

Sahabzada Yaqub Khan alizaliwa tarehe 23 Disemba 1920 huko Rampur, kaskazini mwa India. Hilo neno "Sahabzada" ni lakabu ya heshima wanayopewa watoto wa nyumba za kitawala. Rampur wakati huo ilikuwa dola ndogo chini ya Nawab wa Kiislamu, chini ya himaya ya Waingereza, na ilisifika kwa maktaba yake ya miswada ya zamani, kwa washairi wake na kwa upishi wake. Familia ya Yaqub ilikuwa imefungamana na watawala hao kwa damu na kwa ndoa. Baba yake, Sir Abdus Samad Khan, alikuwa waziri mkuu wa dola hiyo, na aliwahi kuiwakilisha India katika Shirikisho la Mataifa, lile lililokuwepo kabla ya Umoja wa Mataifa.

Kwa hiyo alikulia katika nyumba ambamo watu walizungumza Kiurdu cha adabu, walisoma Kifarsi, na walijua namna ya kumpokea mgeni. Baadaye watu waliomjua walimsifu sana kwa upole wa maneno. Sisi watu wa visiwani tunaujua ustaarabu wa aina hiyo. Lakini tunajua pia kwamba adabu ya maneno peke yake haitoshi. Wapo wenye ulimi wa asali na mkono wa chuma.

Kijana alipelekwa skuli ya kijeshi huko Dehradun, na 1940 akapata uafisa. Kikosi chake kikawa cha 18 cha wapanda farasi wa jeshi la India ya Waingereza. Ufahamu kwamba wakati huo farasi walikuwa wanaondoka vitani. Vikosi vilibaki na majina yao, sare zao na desturi zao, lakini askari walipandishwa magari na vifaru. Wenyewe waliendelea kujiita watu wa farasi, na polo uliendelea kuwa mchezo wao.

Mateka jangwani

Vita vya Pili vya Dunia vilimpeleka Afrika Kaskazini. Mwezi Mei 1942, katika jangwa la Libya karibu na Bir Hakeim, kikosi chao kilizidiwa na vifaru vya adui. Yaqub akakamatwa. Alikuwa na miaka 21.

Alipelekwa Italia kuwa mateka wa vita. Humo makambini walikuwemo maafisa wengine wa jeshi la India: Waislamu, Mabaniani na Masingasinga, wote wakila mkate mmoja na kungojea barua za nyumbani. Mmoja wa maafisa waliotekwa jangwani na kupelekwa Italia alikuwa kijana aliyeitwa Yahya Khan. Liweke jina hilo akilini, tutalirudia.

Wapo waliomaliza kifungo kwa kucheza karata. Yaqub alijifunza lugha. Alianza Kitaliano, akaingia Kijerumani, akashika Kirusi. Mwisho wa maisha yake alikuwa akizungumza pia Kifaransa na Kibengali, juu ya Kiurdu, Kifarsi na Kiingereza alivyotoka navyo nyumbani. Hicho Kibengali ndicho kitakachotuhusu zaidi.

Italia ilipojisalimisha Septemba 1943, alitoroka kambini pamoja na wenzake, akiwemo P. P. Kumaramangalam, afisa wa Kihindu kutoka kusini mwa India. Wakulima wa Kiitaliano waliwaficha na kuwalisha, nao wenyewe hawana kitu. Hata hivyo Wajerumani waliwakamata tena, na Yaqub hakuwa huru mpaka 1945. Kumaramangalam baadaye alikuja kuwa Mkuu wa Jeshi la Ardhini la India, wakati Yaqub akiwa jenerali wa Pakistan. Watu wawili waliofichwa pamoja na wakulima wa Italia walizeeka wakiwa majenerali wa nchi mbili zenye uadui.

Nyumba ilipogawika

Aliporudi kutoka vitani aliwekwa katika kikosi cha ulinzi cha Viceroy, yaani makamu wa mfalme wa Uingereza huko Delhi. Hiki kilikuwa kikosi cha farasi hasa, farasi warefu na sare nyekundu, kikifuatana na gari la farasi lililopambwa kwa dhahabu.

Halafu ikaja Agosti 1947. Waingereza wakaondoka, India ikagawika mara mbili, na kila kitu kikagawiwa: reli, vitabu, meza za ofisi, taipureta. Jeshi nalo likagawiwa. Inasimuliwa kwamba walipofika kwenye lile gari la farasi la Viceroy hawakujua waligawe vipi, maana gari moja halikatwi. Basi afisa wa upande wa India akarusha sarafu juu, na wa upande wa Pakistan, ambaye ni Yaqub Khan wetu, akachagua upande. India ikashinda. Gari hilo lipo mpaka leo, na marais wa India wamelipanda katika sherehe za Siku ya Jamhuri.

Ukikisikia kisa hicho unacheka kidogo. Lakini katika mgawanyo huohuo, mamilioni ya watu walihama makwao, na watu mamia kwa maelfu waliuawa njiani. Na nyumba ya Yaqub nayo ikagawika. Yeye akachagua Pakistan. Ndugu yake Yunus akabaki India na kuendelea katika jeshi la India. Watoto wa baba mmoja, waliokula sahani moja pale Rampur, wakavaa sare za majeshi mawili ambayo mwaka huohuo yaliingia vitani kugombea Kashmir.

Dada zangu, wengi wetu hapa tuna jamaa ng'ambo ya maji: Muscat, Dubai, London, Mombasa. Tunajua uzito wa kuwakosa kwenye harusi na mazishi. Fikiri basi pale ambapo jamaa yako hayuko mbali tu, bali serikali imekwambia kwamba yeye ni adui.

Kule Karachi, Yaqub akawa kamanda wa kwanza wa kikosi cha ulinzi cha Gavana Mkuu Muhammad Ali Jinnah, muasisi wa Pakistan. Kutoka hapo alipanda daraja moja baada ya jingine. Alisoma chuo cha kijeshi Paris, akaongoza divisheni ya vifaru, akawa mkuu wa chuo cha maafisa Quetta, kisha Mkuu wa Utumishi wa Kijeshi makao makuu. Alimuoa Bi Tuba Khaleeli, mtoto wa familia yenye asili ya Iran iliyokuwa imeweka makazi India, na Mwenyezi Mungu akawajaalia watoto wawili wa kiume. Kwa mtu aliyekuwa nje ya nyumba hiyo, ilionekana ni nyumba iliyokamilika: nasaba, elimu, cheo na heshima.

Dhaka

Pakistan ya wakati huo ilikuwa na mbawa mbili. Magharibi ndiyo Pakistan ya leo. Mashariki ndiyo Bangladesh ya leo. Katikati ilikaa India, zaidi ya kilomita 1,500. Watu wengi zaidi waliishi Mashariki, na wao ni Wabengali wenye lugha yao na mashairi yao. Lakini madaraka, jeshi na sehemu kubwa ya fedha vilikuwa Magharibi. Wabengali walikuwa wamelalamika miaka mingi. Mwaka 1952 wanafunzi waliuawa kwa risasi Dhaka kwa kudai lugha yao itambuliwe.

Yaqub Khan alipelekwa Dhaka 1969 akiwa Luteni Jenerali, kuongoza majeshi ya Mashariki. Rais wa nchi wakati huo alikuwa Jenerali Yahya Khan, yule aliyetekwa jangwani kama yeye.

Kitu cha kwanza kinachotajwa kuhusu Yaqub kule Dhaka ni kwamba alijifunza Kibengali. Usilione dogo jambo hili. Bi harusi akiolewa katika nyumba ya watu wenye lahaja nyingine, siku anayoanza kutamka maneno yao, mama mkwe humtazama kwa jicho jengine. Maafisa wengi kutoka Magharibi walikuwa wakiwadharau Wabengali. Huyu mkubwa wao akakaa chini kusoma lugha ya watu aliopelekwa kuwasimamia. Na ukishaisikia lugha ya mtu, ni vigumu kumhesabu kuwa ni tatizo tu la kuondoshwa.

Tarehe 12 Novemba 1970 kimbunga kikubwa kilipiga pwani ya Mashariki. Waliokufa wanakisiwa kati ya 300,000 na 500,000, na serikali ililaumiwa vikali kwa kuchelewa kusaidia. Wiki chache tu baadaye, tarehe 7 Disemba, ukafanyika uchaguzi mkuu. Chama cha Awami League cha Sheikh Mujibur Rahman kikashinda viti 160 kati ya 162 vya majimbo ya Mashariki. Ukijumlisha na viti maalumu vya wanawake, kilikuwa na viti 167 katika bunge la watu 313. Kwa hesabu hiyo, Mbengali ndiye aliyestahiki kuunda serikali ya Pakistan nzima.

Wakubwa wa Magharibi hawakulikubali hilo. Bunge lilikuwa likutane Dhaka tarehe 3 Machi 1971. Tarehe 1 Machi Yahya akatangaza kuliahirisha. Gavana wa Mashariki, Admirali Ahsan, aliyekuwa akishauri mazungumzo, akaondolewa, na Yaqub akabebeshwa na ugavana pia. Mitaa ya Dhaka ikajaa watu. Ikatolewa amri ya kutotoka nje, watu wakaivunja, risasi zikapigwa, wengine wakafa.

Simu ya usiku

Tusimpambe zaidi ya alivyokuwa. Yaqub alikuwa askari, na makao makuu yake yalikuwa yameshaandaa mpango wa kuidhibiti Mashariki kwa nguvu ikibidi. Siku zile za mwanzo wa Machi, askari waliopiga risasi walikuwa chini ya amri yake. Lakini ndani ya siku tatu au nne akaona kitu ambacho wenzake walikaa miezi tisa bila kukiona. Aliona kwamba hawa si kundi la wahuni, ni watu wa nchi nzima. Bunduki ingeweza kuwaua wengi wao, lakini isingeweza kuwarudisha. Akawarudisha askari kambini, na akamsihi Rais aje mwenyewe Dhaka kuzungumza na Mujib.

Usiku wa tarehe 4 Machi Yahya akamwambia kwa simu kwamba hatakuja. Yaqub akamjibu kwa simu hiyohiyo kwamba anajiuzulu. Kesho yake, tarehe 5, akalituma kwa maandishi. Maana ya alichoandika ilikuwa wazi: tatizo hili ni la kisiasa na dawa yake ni ya kisiasa. Njia ya kijeshi ingeleta vita vya wenyewe kwa wenyewe na mauaji ya raia wasio na silaha bila kufikia lengo lolote la maana, na kwa hiyo yeye hawezi kulipokea jukumu hilo.

Nafasi yake akapewa Jenerali Tikka Khan. Alipofika Dhaka tarehe 7 Machi, Jaji Mkuu wa mahakama ya huko alikataa kumuapisha ugavana. Mwezi uliofuata, mji ukiwa mikononi mwa jeshi, jaji huyohuyo akamuapisha. Simtaji ili nimcheke. Namtaja ili tuone kwamba kukataa si jambo la siku moja. Unakataa leo, na kesho unaulizwa tena.

Usiku wa tarehe 25 Machi jeshi likaanza mauaji Dhaka: chuoni, kwenye kambi za polisi, kwenye mitaa ya maskini. Vita viliendelea mpaka Disemba. Watu wapatao milioni 10 wakakimbilia India. Idadi ya waliouawa inabishaniwa mpaka leo, lakini ni watu mamia kwa maelfu. Na wanawake, dada zangu, wanawake walifanyiwa yale ambayo ulimi unaona uzito kuyasema. Bangladesh inawahesabu waliodhalilishwa kuwa 200,000. Baada ya vita Sheikh Mujib aliwaita "Birangona", yaani mashujaa wa kike, lakini wengi wao walirudi makwao wakakuta milango imefungwa. Walikuwa mabinti, wake za watu na mama za watu. Wengi wao walikuwa Waislamu, na waliowafanyia hayo wengi wao walikuwa Waislamu pia.

Tarehe 16 Disemba 1971 jeshi la Pakistan likajisalimisha Dhaka. Watu kama 93,000 wakachukuliwa mateka. Saini ilitiwa katika uwanja wa zamani wa mbio za farasi, palepale ambapo mwezi Machi Mujib alihutubia umati wa watu. Lile alilolihofia mpanda farasi wetu miezi tisa nyuma, lote likawa.

Cheo kikiondoka

Na yeye je? Alivuliwa cheo. Kutoka Luteni Jenerali akashushwa kuwa Meja Jenerali, akastaafishwa. Kule kwao Magharibi wapo waliomwita muoga, aliyekimbia vita. Mtu aliyekabiliana na vifaru jangwani na kutoroka kambi ya maadui akaitwa muoga kwa sababu alikataa kuwapiga risasi raia wake.

Hapa nataka kuzungumza na wewe bi harusi mtarajiwa. Cheo kikiondoka hakiondoki na mume peke yake. Kinaondoka na nyumba ya serikali, gari, dereva, na zile simu za salamu za sikukuu. Mke ndiye anayeona nani ameacha kuja. Mke ndiye anayesikia minong'ono kwenye harusi za watu. Ndiyo maana mwanamume anapokataa dhulma, mara nyingi watu wa nyumbani kwake wanalipa pamoja naye. Ukimtaka mume mwenye dhamiri, jiandae na wewe kushika upande mmoja wa mzigo.

Tunasoma katika Surat An-Nisaa tukiamrishwa kuusimamia uadilifu hata kama unatugharimu sisi wenyewe au jamaa zetu. Tunaisoma kwa tajwidi nzuri. Lakini mara ngapi mume amerudi nyumbani akasema, "Kazini wamenitaka nitie saini karatasi isiyo ya kweli," na sisi tukamjibu, "Tia tu, tuna ada za skuli"? Mimi mwenyewe sijui ningejibu nini. Ndiyo maana kisa hiki kinanisumbua.

Riziki ya mlango mwengine

Mwenyezi Mungu hakumuacha. Yahya alianguka pamoja na vita vyake. Serikali mpya ya Zulfikar Ali Bhutto ikamtoa Yaqub kwenye kustaafu na kumfanya balozi: Ufaransa, Marekani, na baadaye Muungano wa Kisovieti. Zile lugha za kifungoni zikageuka kuwa chakula chake.

Akiwa Washington likatokea jambo lililoonesha ni mtu wa namna gani. Machi 1977, watu 12 wenye silaha waliteka majengo matatu ya mji huo, mojawapo likiwa Kituo cha Kiislamu, wakashikilia watu 149. Kiongozi wao, Hamaas Abdul Khaalis, alikuwa Muislamu Mmarekani ambaye 1973 watu wake saba waliuawa, wakiwemo watoto wachanga. Alikuwa na majonzi yaliyogeuka ghadhabu, na alitaka akabidhiwe wauaji. Mwandishi wa habari mmoja alikuwa ameshapigwa risasi na kufa.

Mabalozi watatu wa nchi za Kiislamu wakajitolea kukaa naye uso kwa uso: Ashraf Ghorbal wa Misri, Ardeshir Zahedi wa Iran na Yaqub Khan wa Pakistan. Walikaa naye meza moja kwa saa kadhaa, wakizungumza juu ya huruma na kuzipitia naye aya za Qur'ani. Hawakumdharau wala hawakumkubalia makosa yake. Baada ya kama saa 39 tangu yaanze yote, mateka wakaachiwa. Yule ambaye kwao aliitwa muoga aliingia bila silaha kwenye jengo la watu wenye bunduki, akiwa na maneno tu.

Waziri

Mwaka 1982 akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Kazi yake kubwa ilikuwa Afghanistan, nchi iliyovamiwa na Wasovieti mwishoni mwa 1979. Zaidi ya wakimbizi milioni tatu wa Kiafghani walikuwa wamejaa Pakistan. Kwa miaka alikwenda na kurudi Geneva katika mazungumzo ya Umoja wa Mataifa, ambapo Pakistan na serikali ya Kabul hazikukaa hata chumba kimoja, mpatanishi akitembea baina yao. Alikuwa ameshaondoka wizarani mkataba ulipotiwa saini Aprili 1988, lakini njia aliisaidia kuifungua. Februari 1989 askari wa mwisho wa Kisovieti akatoka.

Alirudi wizarani mwaka huo wa 1988, na Benazir Bhutto alipochaguliwa kuwa Waziri Mkuu, mwanamke wa kwanza kuongoza serikali ya nchi yenye Waislamu wengi katika zama zetu, alimbakisha. Kuanzia 1992 Umoja wa Mataifa ukamtuma Sahara Magharibi. Mwaka 1996 aliitwa tena kwa miezi michache katika serikali ya mpito.

Lakini nimeahidi kutompamba. Serikali iliyomfanya waziri 1982 ilikuwa ya Jenerali Zia ul-Haq, aliyepindua nchi na kumnyonga Bhutto, yuleyule Bhutto aliyempa Yaqub ubalozi. Na kuhusu Dhaka, wapo Wabengali na Wapakistani wanaosema kwamba kujiuzulu hakukutosha. Alirudi kwao na kunyamaza, wanasema, wakati sauti ya jenerali ingeweza kuamsha watu. Wengine hujibu kwamba mtu aliyekulia katika nidhamu ya jeshi alifanya la mwisho aliloliweza. Mimi naona hoja zote mbili zina uzito. Alikataa kuwa mkono wa dhulma. Hakuwa sauti dhidi yake. La kwanza ni kubwa, na wachache sana walilifanya. La pili lilibaki, na waliokufa Dhaka hawakulipata kwake.

Alichoacha karibu na sisi

Kuna uzi mmoja unaotufikia mpaka huku. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilipopewa hati yake Karachi 1983, Yaqub Khan ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza wa bodi yake ya wadhamini, na alikaa hapo mpaka 2001. Mlango wa kwanza wa chuo hicho ulikuwa skuli ya uuguzi, iliyofunguliwa 1980 wakati ambapo familia nyingi kule ziliona uuguzi si kazi ya binti wa watu. Chuo kilipovuka bahari kuja Kenya, Tanzania na Uganda, nacho kilianza na wauguzi. Wapo dada zetu wa Afrika Mashariki waliopandishwa taaluma zao na chuo ambacho bodi yake iliongozwa na jenerali huyu aliyevuliwa nyota.

Alifariki Islamabad tarehe 26 Januari 2016, akiwa na miaka 95. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Tuondoke na nini?

Wewe uliye kwenye uchumba, usimuulize kijana, "Una msimamo?" Kila mtu atasema anao. Muulize mara ya mwisho alipokataa jambo lililokuwa na faida kwake, na lilimgharimu nini. Kisha nyamaza umsikilize. Sikiliza pia anavyowazungumza watu walio chini yake: dereva, mtumishi wa nyumbani, watu wa kabila jengine. Yaqub alijifunza lugha ya watu hao kabla ya siku ya mtihani, na nadhani mtihani wake ulianza kujibiwa hapo.

Na wewe ambaye umeshaolewa, siku mumeo akirudi na uso mzito na kukwambia kuna karatasi hawezi kuitia saini, usianze na ada wala sofa. Mpe maji. Mwambie akusimulie. Haya mengine mtayapanga asubuhi.

Ewe Mola wetu, tujaalie waume wanaokuogopa Wewe kuliko wanavyowaogopa wakubwa wao, na utujaalie sisi tuwe wa kuwasaidia na si wa kuwasukuma. Uwarehemu waliodhulumiwa Dhaka, wanawake kwa wanaume, na uwape heshima waliyonyimwa duniani. Umsamehe mja wako Yaqub kwa alilopunguza, na umlipe kwa alilolikataa. Aamin yaa Rabbal-aalamin.

Wabillahi tawfiq. Tuonane makala ijayo, inshaallah.